Unataka kuuza kila kitu mkaishi baharini na bae? Soma hii kwanza

Hiyo vidio umeiona, usijifanye. Dem amekaa mbele ya boti nyeupe, miguu inaning'inia juu ya maji ya buluu ile ya kuumiza macho. Chali yake yuko nyuma anakata embe. Ngoma laini inacheza chini kwa chini. Ukainua kichwa kwa bedsita yako, dirisha linaangalia ukuta wa plot ya jirani, na tokeni za stima zimebaki za usiku mmoja. Ukamforwadia bae na maneno mawili: "Sisi lini?"

Mimi pia nilituma. Jibu lilikuwa emoji moja, na sitakuambia ni gani.

Niliacha kolegi mwaka wa pili, kwa hivyo mimi si mtu wa kukuambia ufuate njia ya kawaida maishani. Lakini hizi vidio nimezicheki miaka sasa, na kitu kimoja kimeniingia polepole: haya maisha si likizo. Ni kazi ya zamu ya usiku, ya watu wawili, kwa keja ambayo mkikosana hakuna mlango wa kubamiza uende kwa beshte yako. Wacha nikuchambulie vile inaendaga.

Tuanze na wale maarufu zaidi, Riley Whitelum na Elayna Carausu, wa chaneli ya Sailing La Vagabonde. Wote ni wa Australia. Riley alifanya kazi kwa mitambo ya mafuta baharini, akaweka doh, halafu 2014 akanunua boti Italia. Hakuwa baharia wa maana, alijifunza akiwa ndani tayari. Mwaka huo huo akakutana na Elayna huko Ugiriki, yeye akiwa anapiga gita na kuimba. Elayna alikuwa hajui tanga ni nini. Akapanda boti. Sasa hebu fikiria, wewe unaogopa kumpa mtu neno siri la simu baada ya miezi sita.

Ile boti ya kwanza ilikuwa ya mwili mmoja, zile zinalala upande zikipigwa na upepo. 2017 ndio wakahamia kwa katamarani ya futi 48. Na hapa lazima nikueleze tofauti, kwa sababu kila kitu kingine kinatokana nayo.

Katamarani ni boti ya miili miwili, mmoja kushoto na mmoja kulia, na katikati kuna sebule inayoning'inia juu ya maji. Jina lenyewe ni la Kitamil, kule kusini ya India, na maana yake ni mbao zilizofungwa pamoja. Usidhani ni kitu cha wazungu. Hata ngalawa yetu ya Pwani, mtumbwi wenye mbao za kuushikilia pande zote mbili, iko kwa familia hiyo hiyo ya mawazo: ukitaka chombo kisipinduke, kipe upana.

Boti ya mwili mmoja haitumii upana. Ina mkuku mzito chini, tani kadhaa za risasi au chuma. Upepo ukiisukuma inalala, halafu ule uzito unaivuta irudi juu. Hata ikipinduliwa kabisa na wimbi, mara nyingi inajirudisha yenyewe. Katamarani haina huo uzito. Ndio maana ni nyepesi, ina kasi, na kikombe chako cha chai kinakaa mezani bila kumwagika. Ndio maana pia wapenzi na familia wanaipenda: kuna nafasi, kuna mwanga, mtoto anaweza kutembea.

Lakini cheki upande wa pili. Katamarani ikipinduka, imepinduka. Itaelea hapo miguu juu kama mende, na nyinyi mkiwa ndani mnatafuta ule mlango mdogo wa dharura. Na noma zaidi ni kwamba haikupi ishara. Boti ya mwili mmoja ikizidiwa na upepo inainama hadi sahani zinaruka, hata aliyelala anajua mambo ni mabaya. Katamarani inakaa tu wima, imetulia, huku nguvu zinajikusanya kwa mlingoti na kwa kamba. Kwa hivyo wanaoendesha hizi boti hawaendi na hisia. Wanaangalia kipimo cha upepo, na namba ikifika mahali fulani wanapunguza tanga, hata kama jua linawaka na kila mtu anajiskia poa. Na msemo wao ni kwamba ukianza tu kujiuliza kama wakati wa kupunguza tanga umefika, ujue umechelewa.

Sasa kasi. Watu hufikiria boti ya tanga inakimbia. Katamarani ya kawaida ya kusafiria inatembea kama kilomita 13 kwa saa. Hiyo ni nduthi kwa jam ya Tom Mboya. Kama ungeweza kusafiri hivyo kutoka Nairobi hadi Mombasa, ungefika baada ya masaa 37. Tofauti ni kwamba boti hailali. Inasonga usiku na mchana, na mwisho wa siku imemaliza kilomita 300 hivi bila kuchoma mafuta. Kuvuka Atlantiki kutoka visiwa vya Canary hadi Karibi ni kama kilomita 5,000. Piga hesabu: ni wiki mbili na nusu au tatu, hakuna duka, hakuna kiosk, hakuna mtu wa kukukopesha chumvi.

Na hauendi tu vile unataka. Tanga haliwezi kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka. Ikibidi uende huko, unaenda zigzaga, kitu watu wa Pwani huita kupiga bisho, na hiyo inachosha boti, inachosha watu, inachosha hadi mapenzi. Ndio maana hawa watu wanaishi kwa kalenda. Mwezi Juni hadi Novemba ni msimu wa vimbunga kule Karibi, kwa hivyo wengi wanasubiri upande wa Ulaya na kuvuka kuanzia Novemba wakienda mwisho. Pasifiki nayo ina msimu wake. Babu zetu walijua hii kitu kabla YouTube haijazaliwa: majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi kuanzia Disemba, yakarudi na kusi kuanzia Aprili. Aliyekosa upepo alikaa Lamu au Mombasa hadi ugeuke. Wengine walioa kabisa wakisubiri.

Kwa hivyo ukiona kapo imekaa kisiwa kimoja miezi mitano wakipiga picha, si ati wameomoka. Wamezuiliwa na hali ya hewa.

Usiku ndio kazi yenyewe

Hii sehemu ndio haiingiangi kwa vidio, kwa sababu giza haina likes.

Mkiwa wawili peke yenu katikati ya bahari, lazima mmoja awe macho kila wakati. Kuna meli za mizigo zenye urefu wa mita 300 na hazitakuona. Kuna mawingu meusi yanayokuja na upepo wa ghafla na mvua ya kupiga makofi. Kwa hivyo mnagawana: wewe masaa matatu, yeye masaa matatu, au manne manne, usiku kucha, wiki tatu. Maana yake ni kwamba hakuna anayelala masaa manane. Pia maana yake ni kitu cha ajabu: nyinyi mliosafiri ili muwe pamoja, hamuonani. Mnapishana kwa mlango. "Kuna meli upande wa kulia, imeshapita. Chai iko kwa thamosi." Basi. Yeye anaingia kitandani kwa joto lako, wewe unavaa koti lake likiwa bado na unyevu.

Na kulala kwenyewe si kulala. Katamarani ina tatizo lake: mawimbi yanapita kati ya ile miili miwili na kupiga sakafu kutoka chini. Kelele yake ni kama mtu amebwaga mlango wa geti chini ya kitanda chako. Kila dakika chache. Unaambiwa ni kawaida.

Sasa nikuambie kinachonitisha mimi. Boti ikienda ile kilomita 13 kwa saa, kwa dakika moja imesonga zaidi ya mita 200. Hiyo ni viwanja viwili vya soka. Mtu akianguka usiku wakati mwenzake amelala, hakuna wa kusikia. Mwenzake ataamka na alamu yake saa tisa usiku, apande juu, akute usukani unajiendesha na hakuna mtu. Boti itakuwa imeenda kilomita 20, 30. Kichwa cha binadamu kwa mawimbi ni kama nazi.

Ndio maana wenye akili wana sheria ambazo hazina mjadala. Usiku unavaa mkanda na unajifunga kwa boti kabla hujatoka. Ukitaka kwenda mbele kushughulikia tanga, unamwamsha mwenzako kwanza, hata kama amelala dakika kumi tu na ataamka na sura ya simba. Na machali, hii ni yenu: kukojolea ukingoni usiku ni marufuku. Tumia choo. Mapenzi baharini, manze, mara nyingine ni kumwamsha mtu ili asiamke mjane.

Choo nacho kina hadithi yake. Kina pampu, mabomba membamba, na vali, na ukitupa kitu ambacho hakikupitia tumboni mwako kinaziba. Kikiziba hakuna fundi. Fundi ni wewe, umepiga magoti, boti inaruka, na harufu unaijua. Hiyo ndio siri kubwa ya haya maisha: kila kitu kwa keja yako ya Roysambu ambacho huwa unapigia mtu simu, pale unafanya mwenyewe. Stima inatoka kwa sola na betri, kwa hivyo siku za mawingu mnabania friji. Maji mnatengeneza kwa mashine inayosukuma maji ya bahari kwa nguvu kupitia chujio laini sana, chumvi inabaki nyuma. Mashine ikigoma mnarudi kwa maisha ya jerikani, mnaoga na maji ya bahari halafu mnajisuuza na kikombe kimoja. Wasee wa Nairobi hapo hatuna shida, hiyo tumeshafuzu.

Hata mkifika kisiwani hamjamaliza. Nanga inashika kwa sababu ya mnyororo mrefu uliolala chini ya bahari, mara tano au zaidi ya kina cha maji. Upepo ukigeuka usiku nanga inaweza kung'oka, na nyumba yenu inaanza kutembea kuelekea mawe mkiwa mmelala. Kwa hivyo kuna alamu ya hiyo pia. Kumbuka unavyochukia alamu moja tu ya kazi.

Na mkikosana?

Mtakosana. Wenye kuishi haya maisha hawafichi. Mara nyingi vita ni wakati wa kutia nanga au kuingia bandarini: mmoja yuko nyuma kwa usukani, mwingine mbele na mnyororo, upepo unapiga kelele, hakuna anayemsikia mwenzake, na boti za watu wote wamekaa na vinywaji wanawatazama. Wengi wameamua kutumia ishara za mikono au vipaza sauti vidogo vya masikioni. Hivi vya mwisho wao wenyewe wameviita viokoa ndoa, na si mzaha sana.

Tatizo kubwa zaidi liko chini ya hapo. Mara nyingi mmoja ndiye mwenye ndoto na mwingine amefuata. Mwenye ndoto anajua boti, huyu mwingine anajua kupika na kupiga picha. Ikifika siku ya mwenye ndoto kuvunjika mguu, au kuanguka majini, huyu mwingine anaweza kugeuza boti? Anaweza kushusha tanga peke yake? Anajua kuita msaada kwa redio, chaneli ya 16? Kama jibu ni hapana, basi huyo hajawa mpenzi wa safari, amekuwa abiria, na abiria kwa boti ya watu wawili ni hatari kwa wote wawili. Ndio nampa Elayna heshima yake. Alianza bila kujua chochote, lakini hakukaa hapo.

Cheki Novemba 2019. Mkutano wa dunia wa hali ya hewa ulikuwa ufanyike Chile, ukahamishwa ghafla hadi Madrid. Greta Thunberg, wakati huo akiwa na miaka 16, alikuwa amekwama Marekani na hapandi ndege. Akaomba usafiri mtandaoni. Riley na Elayna wakajitolea. Tarehe 13 wakatoka Hampton, jimbo la Virginia: wao wawili, mtoto wao Lenny ambaye hakuwa amefikisha hata mwaka, Greta na babake, na Nikki Henderson, baharia wa kulipwa kutoka Uingereza. Atlantiki ya Kaskazini mwezi huo ni baridi na dhoruba, si msimu wa mtu kuvuka kwa raha. Walifika Lisbon tarehe 3 Disemba.

Kilichonivutia mimi si Greta. Ni kwamba watu waliokuwa wamevuka bahari kadhaa, wakiwa na mtoto na hali mbaya mbele yao, waliona wanahitaji mtu wa tatu anayejua kazi. Hawakusema "tutajipanga tu." Hiyo "tutajipanga" yetu baharini inaua.

Ganji inatoka wapi

Haraka haraka: katamarani mpya ya futi 45 inapita nusu milioni ya dola, yaani zaidi ya shilingi milioni 65. Za zamani ni bei rahisi zaidi lakini zinakula spea. Mabaharia hutumia kipimo cha asilimia 10: kila mwaka weka kando sehemu ya kumi ya bei ya boti kwa matengenezo. Bandari nyingi pia zinatoza katamarani zaidi kwa sababu inakula nafasi ya boti mbili. Wengi wa hao unaowaona ni wastaafu waliouza nyumba, au watu waliosota kwa kazi ngumu miaka kama Riley. Wachache wanaishi kwa vidio, na hiyo nayo ni kazi juu ya kazi. Umemaliza zamu, macho mekundu, halafu unakaa kuedit.

Kuna pia suala la pasipoti. Boti haikupi uhuru wa mipaka. Ukiingia nchi mpya unapandisha bendera ya njano, unabaki ndani hadi uhamiaji na forodha wakuidhinishe. Hata Muingereza, ambaye kwa ndege anaingia Marekani na kibali cha mtandaoni, akifika na boti yake mwenyewe anatakiwa awe na visa kamili. Sasa wewe na hiyo yako ya Kenya, ongeza foleni za ubalozi kwa kila kisiwa cha Ufaransa unachokitamani, kuanzia Martinique hadi Polynesia.

Na kama unajiuliza mbona hawa watu hawakujaa Kilifi na Lamu, jibu lina majina mawili: Paul na Rachel Chandler. Kapo ya Waingereza, wamestaafu, wanaishi kwa boti yao ya futi 38, Lynn Rival. Oktoba 2009 walitoka Ushelisheli wakija Tanzania. Maharamia wa Kisomali wakawateka usiku. Walishikiliwa siku 388, na kuna wakati walitenganishwa, kila mmoja akikaa peke yake bila kujua mwenzake yuko vipi. Waliachiliwa Novemba 2010. Miaka hiyo boti nyingi zilikwepa upande wetu kabisa, zikazunguka kupitia Afrika Kusini.

Unajua Chandler walifanya nini baada ya hapo? Walitengeneza ile ile Lynn Rival, wakarudi baharini. Wote wawili. Hiyo sehemu nimeisoma mara kadhaa na bado sijui kama ni wazimu au ni mapenzi.

Kwa hivyo kama bado unadai, anza kidogo. Usiuze chochote. Panga na bae mwende Lamu, tafuteni nahodha wa jahazi anayekubali safari ya siku mbili mkilala humo humo, si ile ya saa moja ya kuona machweo. Mwambie awape kazi: mvute kamba, mshike usukani. Halafu usiku, wakati kila mtu amechoka na ana chumvi hadi kwa masikio, omba mkae zamu na wafanyakazi wake. Saa nane usiku mwamshe bae, umwambie ni zamu yake. Angalia atakujibu nini.